Mlezi Naye Anahitaji wa Kumshika Mkono

Leo nazungumza na watu ambao hatuwataji mara nyingi katika vipindi vyetu vya Kiswahili. Ni wazazi walezi walioko Uingereza, wale wanaopokea majumbani mwao watoto wa watu wengine, watoto waliokabidhiwa na halmashauri baada ya kwao kutokalika. Baadhi yao ni ndugu zetu kabisa, watu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Bukavu, waliojenga maisha yao London, Leicester au Birmingham. Ninalotaka kuwaambia nalisema mapema ili lisipotee njiani: kama shirika lililokupa kibali limekuacha peke yako na mtoto mwenye mahitaji mazito, una haki ya kulihama, na ukihama hujamkosea mtu shukrani. Ila kuhama kuna utaratibu wake, na ukiuruka utaratibu huo, wa kwanza kuumia ni mtoto.

Walio nyumbani huenda wanajiuliza shirika limeingiaje hapa. Kwetu Tanzania, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, anayetaka kulea mtoto kwa namna hii anashughulika na ustawi wa jamii. England ni tofauti kidogo. Dhamana ya mtoto iko kwa halmashauri, na hilo linatokana na Sheria ya Watoto ya mwaka 1989. Halmashauri ina walezi wake yenyewe lakini hawatoshi, kwa hiyo inanunua nafasi kwa mashirika ya kujitegemea. Mashirika hayo ndiyo yanayowatafuta walezi, kuwachunguza, kuwafundisha na kuwapangia afisa wa kuwasimamia. Halmashauri inalilipa shirika kwa wiki, shirika linamlipa mlezi posho ya mtoto na ujira wake, na linalobaki linaendesha ofisi au linakuwa faida. Yote hayo yanakaguliwa na Ofsted, idara ya serikali ya ukaguzi.

Watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri nchini England wamezidi 80,000, na theluthi mbili hivi wanaishi kwa walezi. Kaya zenye kibali cha kulea zilikuwa kama 42,000 mwezi Machi 2024, na idadi hiyo imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka, kwa sababu wanaoacha ni wengi kuliko wanaoingia. Kila mlezi anayeacha anaondoka na kitanda kilichokaguliwa, uzoefu wa miaka, na mara nyingi mtoto mmoja au wawili wanaofungashiwa tena nguo kwenye mabegi. Ndiyo maana mlezi aliyechoka na shirika lake lakini bado ana moyo wa kulea, mimi namwona kama hazina ya kulindwa. Akihama tumembakisha. Akiacha tumempoteza.

Kuna mama mmoja ninayemwita dada, mtu wa Tanga. Mume wake ni dereva wa basi. Wana kibali cha kulea, na kwa miaka kadhaa wamekuwa wakilea ndugu wawili wa kiume, Waingereza, wadogo wote. Walipoanza, shirika lao lilikuwa dogo, lina ofisi mtaani kwao, na walezi walikuwa wakikutana pale kunywa chai huku watoto wanacheza chumba cha pili. Afisa wao aliwajua watoto kwa majina, alijua mkubwa haogi mlango ukifungwa na mdogo anaficha mkate chini ya mto. Kisha shirika likauzwa. Ofisi ikafungwa, afisa akaondoka, akaja mwingine, naye akaondoka, akaja wa tatu.

Nilikuwepo jikoni siku moja afisa mpya alipokuja. Alikuwa binti mpole, sina la kumlaumu. Alifungua kompyuta yake mezani akaanza kusoma maswali: king'ora cha moshi kinafanya kazi, kabati la dawa linafungwa kwa ufunguo, mafunzo ya huduma ya kwanza yanaisha lini. Dada alikuwa na daftari lake la kumbukumbu, lile ambalo walezi wote huandika kila siku, na alikuwa ameweka vidole kwenye kurasa tatu alizotaka kumwonyesha. Kurasa zile zilieleza jinsi mkubwa alivyorudi kutoka kuonana na mama yake mzazi, akakaa siku mbili bila kula, siku ya tatu akampiga mdogo wake kwa kiti. Saa ikafika. Binti akafunga kompyuta, akasema ana safari ndefu kwenda nyumba nyingine, akaomba sahihi. Kurasa hazikusomwa.

Baada ya wiki chache, Jumamosi usiku, mkubwa alitoka nyumbani kupitia dirishani. Dada aliwapigia polisi simu kama alivyofundishwa, kisha akapiga namba ya dharura ya shirika. Aliyepokea alikuwa mbali, hakuwahi kulisikia jina la mtoto, na alichoweza kumwambia ni kwamba ameandika taarifa na Jumatatu atapigiwa. Mtoto alipatikana kituo cha treni saa nane usiku, mzima. Jumatatu simu haikuja, ikaja Alhamisi, na aliyepiga alitaka kujua kwa nini fomu ya tukio haijajazwa.

Nimewasimulia haya kwa sababu kila ninapozungumza na walezi wanaotaka kuhama, sababu wanayoanza nayo inafanana na hii. Watu wa nje hudhani wanafuata pesa. Pesa zipo katika mazungumzo, na sioni aibu yoyote mtu kuuliza atalipwa nini kwa kazi ya saa 24. Lakini nimeona walezi waliokubali malipo yaleyale, au pungufu kidogo, ili wapate afisa anayepokea simu.

Msaada wenyewe ni nini basi? Kwanza ni afisa anayekaa. Afisa akibadilika kila baada ya miezi michache, mlezi anasimulia upya historia ya mtoto mpaka anachoka kusimulia. Viwango vya chini vya kitaifa vya mwaka 2011 vinataka mlezi awe na usimamizi na apate msaada hata nje ya saa za kazi, na vinataka atembelewe bila taarifa walau mara moja kwa mwaka. Mashirika mengi yanatimiza hilo la mwisho bila kukosa. Kukagua ni rahisi kuliko kusaidia.

Halafu kuna mambo yanayoonekana madogo. Mtoto anataka kulala kwa rafiki yake, anataka kwenda na wenzake safari ya shule, anataka kunyoa. Mlezi hana mamlaka ya kuamua mpaka halmashauri imkasimie, na mara nyingine mpaka mzazi aliyemzaa aulizwe. Shirika zuri linafuatilia jambo hili tangu wiki ya kwanza, linaandikwa, linaisha. Shirika zembe linamwacha mlezi anatuma barua pepe wiki mbili kuuliza kama mtoto anaweza kukatwa nywele. Kwa watoto wenye asili ya Afrika wanaolelewa na wasiozijua nywele zetu, au kwa watoto Waislamu wanaolelewa na wasiojua chakula chao, uzembe huo unauma zaidi, kwa sababu mlezi anahitaji mtu wa kumwelekeza upesi na hampati.

Na kuna siku mtoto anasema mlezi amempiga. Lazima niseme wazi hapa: tuhuma ya namna hiyo ni lazima ichunguzwe, kila mara, bila kujali mlezi ni mtu mwema kiasi gani. Watoto waliumizwa na watu waliosifiwa, na ndiyo maana sheria ziko kali. Lakini mlezi anayechunguzwa ana haki ya kuelezwa hatua zinazofuata, na ana haki ya kupata mtu wa kumsaidia asiyekuwa sehemu ya uchunguzi. Nimekutana na waliokaa wiki nyingi bila kuambiwa lolote, watoto wameondolewa, posho imesimama, na shirika limenyamaza. Uchunguzi ukaisha bila kuwakuta na hatia. Wengi wa hao hawakuhama. Waliacha kabisa.

Sasa tuseme kuhusu pesa, maana hapa kuna jambo ambalo walezi wengi hawaambiwi. Mwezi Machi 2022 mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza ilitoa ripoti yake kuhusu soko la malezi ya watoto. Iligundua kwamba mashirika makubwa ya ulezi yalikuwa yakitoza wastani wa pauni 820 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na faida yao ya uendeshaji ilikuwa karibu asilimia 19. Baadhi ya makampuni hayo yanamilikiwa na makampuni ya uwekezaji, na kampuni moja inaweza kuwa na mashirika mengi yenye majina tofauti. Kwa hiyo unaweza kulihama shirika kwa hasira, ukaingia jingine lenye jina zuri na tovuti ya kuvutia, ukagundua baadaye kwamba mwenye mali ni yuleyule. Uliza mapema nani analimiliki. Scotland hairuhusu shirika la ulezi kufanya kazi hii kwa faida, na Wales mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuiondoa faida ya watu binafsi katika malezi ya watoto hatua kwa hatua. England bado. Mimi niko upande wa Wales katika hili. Pesa ya umma inayotolewa kwa ajili ya mtoto aliyevunjika ingetakiwa imfikie yeye na anayemlea.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba kila shirika la faida ni baya, au kwamba kila halmashauri inawajali walezi wake. Nawajua walezi waliotoka halmashauri kwenda shirika binafsi wakapata pumzi, na wengine waliofanya safari ya kinyume wakapumua vilevile. Linaloamua ni watu waliopo katika ofisi ile, mwaka ule.

Jihadharini pia na bahasha ya kukaribishwa. Yapo mashirika yanayompa mlezi mwenye uzoefu maelfu ya pauni akihamia kwao, kwa kuwa kumpata aliyekwisha kufundishwa ni nafuu kwao kuliko kuanza na mgeni. Pokeeni kama inakuja, lakini msihame kwa ajili yake. Inalipwa mara moja, nayo Jumamosi usiku haikusaidii kitu.

Tuje kwenye kuhama kwenyewe. England mlezi hawezi kuwa na kibali cha huduma mbili kwa wakati mmoja, na kibali hakihamishiki kama leseni ya udereva. Shirika jipya lazima likuchunguze upya: rekodi ya polisi, afya yako, watu wa kukudhamini, nyumba yako, watoto wako wa kuzaa, na mahojiano ya Fomu F ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa urefu wake. Linaweza kutumia taarifa zilizopo na kuomba rekodi zako kutoka huduma ya zamani, kwa hiyo kazi huwa nyepesi kuliko mara ya kwanza, lakini bado ni miezi. Kisha unapelekwa mbele ya kamati, kamati inapendekeza, na mkuu aliyepewa mamlaka ndiye anayeamua.

Ukiwa huna mtoto nyumbani, mambo ni mepesi. Ukiwa naye, sikiliza vizuri. Kuna utaratibu ulioandaliwa na The Fostering Network, shirika la hisani la walezi, kwa ajili ya walezi wanaohama wakiwa na watoto. Haukuandikwa kama sheria, lakini huduma nyingi zinaufuata. Unataka walezi watoe taarifa kwa maandishi kwamba wanakusudia kuhama, halafu wote wanaohusika wakae meza moja: halmashauri ya mtoto, huduma ya zamani, huduma mpya na walezi wenyewe. Pale ndipo panapojadiliwa mtoto anasemaje, nani atalipa nini, na kibali kipya kitaanza siku gani. Mwenye kauli ya mwisho juu ya mtoto ni halmashauri yake. Shirika la zamani haliwezi kumng'ang'ania mtoto kwa sababu wewe unaondoka, na wewe huwezi kumchukua kwa sababu umempenda. Ukweli mwingine ni kwamba kama unatoka halmashauri kwenda shirika binafsi, gharama kwa halmashauri kwa kawaida inapanda, na hapo mazungumzo yanaweza kuwa magumu. Jiandaeni kwa hilo.

Kosa kubwa ninaloliona ni barua. Mlezi ameudhika, usiku huohuo anaandika barua ya kujiuzulu na kuituma. Hajui kwamba kwa kanuni za ulezi za mwaka 2011 barua ile ikishapokelewa, kibali chake kinakoma baada ya siku 28, na huduma haina uwezo wa kuikataa. Uchunguzi wa shirika jipya hauwezi kuisha kwa siku 28. Siku ya 29 mtoto yuko katika nyumba isiyo na kibali, na halmashauri inalazimika kumtoa. Mtoto hajui kanuni wala barua. Anachokiona ni begi lake mlangoni.

Kabla hata ya kufika huko, semeni kwanza na shirika mlilo nalo. Kila mlezi ana mapitio ya mwaka, na yale maoni yako unayoombwa kuandika yanaingia kwenye kumbukumbu. Andika kwa tarehe: siku fulani nilipiga, sikupata jibu, siku fulani niliomba mapumziko, nikaambiwa hakuna familia ya kunipokelea mtoto kwa wikiendi. Omba kukutana na meneja. Wapo waliofanya hivyo wakapewa afisa mwingine, mambo yakanyooka, hawakuhama tena. Dada yangu wa Tanga alifanya hivyo pia. Aliahidiwa, akasubiri miezi mitatu, hakuona badiliko, ndipo akaanza kutafuta.

Alitafuta kwa subira. Alisoma ripoti za Ofsted, ambazo ziko wazi kwa yeyote, na alisoma zile sehemu za ndani zinazoeleza walezi wamesema nini badala ya kuishia kwenye alama ya juu. Aliwauliza wale wa shirika jipya afisa mmoja anasimamia kaya ngapi, na kati ya maafisa waliokuwepo mwaka juzi ni wangapi bado wapo. Aliomba kuzungumza na walezi wao bila meneja kuwepo. Na Jumamosi moja, saa nne usiku, alipiga ile namba yao ya dharura ili asikie nani atapokea. Alipokea meneja mwenyewe. Dada akamwambia ukweli kwamba alikuwa anajaribu, na yule bwana hakukasirika.

Shirika lile lilikuwa linatumia mpango wa Mockingbird, ambao The Fostering Network iliuingiza Uingereza mwaka 2015 kutoka jimbo la Washington, Marekani. Familia kati ya 6 na 10 za walezi zinaizunguka nyumba moja kuu yenye mlezi mzoefu, zinakutana kila mwezi, na watoto wanaweza kwenda kulala katika nyumba ile kuu mlezi wao anapohitaji kupumzika. Mtu aliyekulia katika ukoo wetu, ambako mtoto akimshinda mama yake anapelekwa kwa shangazi mpaka hasira zishuke, hahitaji kufafanuliwa kwa nini mpango huu unafanya kazi. Mtoto haendi kwa mgeni. Anakwenda kwa mtu anayejua kwamba haogi mlango ukifungwa.

Dada alipohamia kwao, kwa wale watoto wawili mabadiliko yalikuwa machache sana, na ndivyo inavyopaswa. Afisa wao wa halmashauri alibaki yuleyule, shule ileile, vitanda vilevile. Waliambiwa mapema kwamba wao hawaendi popote, bali afisa anayemtembelea mama mlezi ndiye atakayebadilika. Mkubwa aliuliza mara kadhaa, kwa siku tofauti, kama ni kweli. Alijibiwa vilevile kila mara.

Mtu mwenye uchunguzi ulio wazi juu yake asidhani kuhama kutaufunga. Rekodi inamfuata, na huduma mpya itaiomba. Asubiri uishe. Ikiwa huduma yake imeamua kwamba hafai tena na yeye hakubaliani, kuna chombo huru cha mapitio kinachosikiliza malalamiko ya namna hiyo, na muda wa kuomba ni siku 28 tangu aarifiwe. Asiache siku hizo zipite kwa kununa.

Na kabla sijamaliza, neno kwa Waswahili wengine walioko England wanaolea watoto wa jamaa bila shirika lolote. Ukikaa na mtoto aliye chini ya miaka 16 kwa siku 28 au zaidi, naye ni mtoto wa binamu yako au wa rafiki yako, kwa sheria ya kule wewe si jamaa wa karibu, na ni lazima halmashauri ijulishwe. Babu, bibi, kaka, dada, mjomba na shangazi wameachwa nje ya sharti hilo. Binamu hayumo. Watu wetu wengi hawalijui hili.

Nyinyi mnaoendesha mashirika, kama kuna anayenisikia, msimchukie mlezi anayeaga. Kaeni naye saa moja kabla hajaondoka mumuulize simu ipi haikupokelewa. Nawe mlezi uliyechoka, usiku huu usitume barua yoyote. Anza kuandika tarehe zako, omba kukutana na meneja, na kama hakuna jibu, tafuta shirika jingine huku kibali chako kikiwa hai. Barua ya kujiuzulu iandike mwisho kabisa, siku mtakapokuwa mmekaa wote mezani na kila mmoja anajua mtoto atalala wapi.